Madam Janeffer na Kidimbwi Kilichojaa Kupita Kiasi

Ifikapo Juni 30 mwaka huu, Madam Janeffer Chepngeno atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya uvuvi, kisha atastaafu na kutukabidhi funguo za stoo. Buti zake za mpira anaenda nazo. Tulimwomba atuachie, akakataa.

Alianzia Sigowet, akahamia Sosiot, kisha akatua Roret. Kote huko watu walimshangaa msichana wa Kipsigis, jamii ya wafugaji, aliyesomea samaki badala ya ng'ombe. Mama yake mwenyewe aliwahi kumwuliza kama kazi za maana zilikuwa zimekwisha.

Kazi yake inayosimuliwa zaidi ni ile ya Johana, mkulima wa Roret aliyeng'oa mistari kadhaa ya majani chai ili achimbe kidimbwi. Mkewe, Chepkurui, hakufurahia hata kidogo. Alimpa mumewe mpaka mavuno ya kwanza. Samaki wakikataa, kidimbwi kifukiwe na majani chai yarudi.

Sasa, mkulima wa majani chai akiona pengo shambani hatulii mpaka apande mche. Johana alipotazama maji yale yote wazi, alitia vifaranga vya samaki, akaongeza, akaongeza tena. Miezi ikapita na samaki wakabaki wadogo kama vidole. Kila asubuhi walipanda juu wakihema, wengine mapezi yana vidonda, wengine wamekufa.

Madam alifika, akatazama, akaagiza zaidi ya nusu watolewe. Johana nusura amfukuze.

"Madam, hawa wanakufa na wewe unasema nipunguze tena?"

Alimweleza kwa upole kwamba kila samaki huvuta hewa ya maji yale yale na kuacha uchafu humo humo. Wakibanana, hewa haitoshi, chakula wanagombania, na ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote. Akapendekeza wahamishiwe kwa jirani, Mosoti, ambaye kidimbwi chake kipya kilikuwa hakina kitu. Johana aligoma mpaka Madam alipoingia na wavu mwenyewe, akateleza, akazama na kofia yake. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyelowa hivyo kwenye baridi ya Roret.

Siku ya mavuno, samaki mmoja alijaza sahani, kwa Johana na kwa Mosoti pia. Chepkurui aliwashika, akawageuzageuza. Wiki iliyofuata alikuja ofisini mwenyewe kuuliza kidimbwi cha pili kichimbwe wapi. Madam akamwuliza majani chai je.

"Tung'oe ya Johana. Yangu msiguse."

Samaki wa sherehe hii wametoka kwa Chepkurui, na ameagiza Madam apakuliwe kwanza, tena wawili.

Madam, tunakupenda na tunakushukuru. Mungu akujalie afya, na uzee wako uwe wa raha. Tafadhali keti, ule.