Kurasa Nane za Bwana Khelef

Bwana Khelef bin Hashil, mpanga herufi wa matbaa yetu hapa Mtendeni, anastaafu leo, Jumatatu ya mwisho ya Rajabu mwaka 1331, ambayo kwa hesabu ya Wazungu ni tarehe 30 Juni 1913. Ametumika miaka ishirini na mitatu kamili. Mwenye matbaa, Bwana Saud, ameniomba mimi, Mwatima binti Pandu, mkubwa wa washonaji vitabu, niseme wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyemwona kwa karibu na kwa muda mrefu kama mimi. Maneno ni yangu. Anayeyapanga herufi ni Simai, na nimemwambia asinisahihishe.

Aliingia mwaka 1890, mwembamba kama utambi, kanzu imemzidi. Herufi za risasi hupangwa kinyumenyume ili zikipigwa chapa zitoke sawasawa, na yeye aliuzoea ukinyume huo kwa mwezi mmoja tu. Mpaka leo ukimpa barua huigeuza juu chini kwanza, ndipo akaisoma. Mwaka wa mizinga, Waingereza walipolipiga jumba la Sultani, nyumba zikatikisika na makasha ya herufi yakamwagika yote sakafuni, wenzake walikimbilia shamba. Yeye alirudi kesho yake, akapiga magoti siku nne akiokota herufi moja moja na kuirudisha mahali pake. Matbaa hii ilifunguka tena kwa magoti yale.

Kukosea pia alikosea. Kuna kadi ya harusi aliyoipanga na majina yakapishana, ikawa bwana harusi ni baba na shahidi ni mtoto. Kadi zikagawiwa mji mzima. Mke wa yule baba alikuja hapa na bakora, na Bwana Khelef akajificha chini ya meza yangu ya kushonea. Nilimfunika kwa majora ya nguo. Yule bibi aliponiuliza nilimwambia aliyefanya hivyo keshafukuzwa.

Lakini kazi yake aliifanya kwa uangalifu ambao sijauona kwa mwingine. Kabla ya ukurasa wowote kupigwa chapa, Bwana Khelef husimama mlangoni mwa chumba chetu akatusomea kwa sauti. Sisi hatusemi kitu, tunashona. Yeye hutazama sindano. Zikiendelea kwenda, maneno hayana ladha, hurudi akayapanga upya. Zikisimama, basi, maneno yamekubaliwa. Habari za meli hazijapata kusimamisha sindano hata moja, hizo huachwa zilivyo. Na katika sindano zote, aliyoitazama ni yangu, kwa sababu mimi siridhiki upesi.

Mwaka 1908 alitoa kitabu chake mwenyewe. Hadithi aliitunga yeye, gharama alilipa yeye, chapa alipiga yeye baada ya saa za kazi. Kilikuwa na habari za Bahiya, mwanamke wa mjini ambaye mumewe alisafiri Ngazija akakaa miaka saba. Hakutusomea kwanza, aliona haya, na ndiyo sababu kitabu kilikuwa kibaya. Nalisema hili mbele yake. Bahiya alilia tangu ukurasa wa kwanza, mume akarudi, wakakumbatiana, kwisha. Kazija, mshonaji mwenzangu, alimuuliza, "Bwana Khelef, miaka saba huyu analia tu, chungu anateleka nani?" Bwana Khelef alizikusanya nakala zilizobaki akazitia kabatini, akaanza kukitengeneza upya.

Kazi hiyo ilimchukua miaka mitano, na mimi nilikaa tayari. Nina hadithi za kwetu Makunduchi ambazo nimezisimulia chumba kile mpaka kuta zinazijua. Nilidhani atavuta kigoda aniulize. Badala yake akaanza kupenda mkate wa mofa, ule wa mtama unaookwa tanurini. Kila asubuhi anapita Darajani kwa Bi Tamima, muuza mikate wa Jang'ombe, mwanamke aliyeachwa na mume asiyeaga. Kila asubuhi anachelewa. Anarudi na mkate mmoja na maneno kumi: Bi Tamima kasema hivi, Bi Tamima kacheka vile, Bi Tamima kamjibu mteja hivi. Bahiya wa kitabuni akaacha kulia, akajenga tanuri, akaanza kuuza mikate. Sikuhitaji kuambiwa katoka wapi. Mkate wenyewe mgumu. Niliuonja kila siku ili niwe na hakika.

Siku moja Bi Tamima hakuonekana sokoni, Bwana Khelef akamfuata nyumbani kwake akabisha hodi. Bi Tamima alikuwa anakanda unga. Akajibu "Ngoja!", akaumaliza unga wote, akanawa mikono, ndipo akafungua. Basi Bwana Khelef alikuja hapa anahema kama aliyeokota lulu. "Bi Mwatima, mwisho wa kitabu nshaupata! Mume atabisha hodi, na Bahiya atamwambia ngoja!" Nikamwambia, "Hata mimi mbuzi wangu nnamwambia ngoja kila siku. Hukusikia?" Akacheka. Alidhani nafanya mzaha.

Aliupanga mwisho huo moja kwa moja katika risasi, bila kuuandika karatasini, kurasa nane. Ilikuwa miezi miwili iliyopita, na macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Baada ya sala ya alasiri alisimama mlangoni akatusomea. Mume anabisha. Bahiya anasema ngoja. Anakanda, na katika kukanda ile miaka saba yote inampitia mikononi, mwaka baada ya mwaka, na nje yule mume anasimama juani kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Sindano ya Kazija ilisimama. Za wengine wote zilisimama.

Yangu ilikwenda. Niliilazimisha iende. Nilikuwa nimeshona tundu moja mara tatu, na mkono wa nguo yangu nimeushonea kitabuni, lakini sikusimama. Nilikuwa nafikiri: yote haya kwa mwanamke wa mikate, na mimi niko hapa, hatua kumi na mbili kutoka meza yake.

Bwana Khelef aliitazama sindano yangu. Akavua miwani. Akasema, "Ahsanteni, jamaa zangu," akaenda kwenye meza yake, na kabla ya magharibi alikuwa amezifumua kurasa zote nane na kila herufi kuirudisha kashani. Kesho yake akamwambia Bwana Saud kwamba kitabu kitatoka na mwisho wake wa zamani, wa kukumbatiana, na kwamba macho yamechoka, angependa kupumzika.

Kazija alinisubiri mpaka wengine wametoka. "Shoga, ule mwisho mzuri uliuona?"

"Nliuona."

"Basi una kijicho."

"Ninacho."

"Na yeye anaondoka, masikini, anadhani hajui kutunga. Utakwenda kumwambia, au nimwambie mie?"

Nilikwenda mwenyewe, Ijumaa, nikamkuta barazani kwake. Nilimwambia sindano yangu ilisema uongo, na sababu yake nikamwambia. Nilitarajia anifukuze. Akasema, "Bi Mwatima, miaka ishirini nimeiamini sindano yako kuliko macho yangu." Ningependa zaidi anipige na ile bakora ya yule bibi. Nikamwambia aupange tena. Akasema hawezi, macho hayaoni kashani, na maneno yenyewe yamemtoka. Alikuwa ameyaacha kwenye risasi, na risasi sasa ilikuwa imeshapangwa kuwa tangazo la mnada wa punda.

Lakini mimi sikupata kusoma hata siku moja katika maisha yangu. Nikisikia neno, nalishika pale pale au limepotea. Nilimwambia, "Inuka, twende kwa Simai."

Kwa siku sita, baada ya kazi, mimi nilisema, Simai akapanga, na Bwana Khelef akakaa kwenye kigoda amefumba macho akisikiliza. Kurasa zote nane nilizitoa. Sitadanganya tena: nilijaribu kutia na vyangu. Ukurasa wa tatu akanishika. "Huyo shangazi wa Makunduchi katoka wapi?" Nikasema kapita njia. Akasema, "Mpitishe aende zake." Ukurasa wa tano nikautia mkate wa Bahiya chumvi nyingi, akasema, "Bi Mwatima!" nikaitoa. Lakini kuna sentensi moja karibu na mwisho, pale Bahiya anaponawa mikono, ambayo si yake wala si ya Bi Tamima. Aliisikia. Kope zilimcheza. Akamwambia Simai, "Endelea." Imebaki.

Kwa hiyo Bwana Khelef anaondoka kazini na kitabu kimekamilika, jina lake juu, mwisho wake wa kweli ndani. Kitatoka kabla ya Ramadhani, inshallah, na nakala zote nitazishona kwa mkono wangu. Ya kwanza yake. Ya pili ya Kazija. Bi Tamima atapata, sikatai, lakini asiwe na haraka. Na akisomewa pale pa kunawa mikono, akafurahi akadhani anasemwa yeye, basi nakuomba, Bwana Khelef, umwambie ukweli.

Tunakushukuru kwa magoti uliyopiga mwaka wa mizinga, kwa kila ukurasa uliotusomea, na kwa kuwaheshimu watu wa sindano hata ukatuuliza. Tunakushukuru kwa kunisamehe, jambo ambalo mimi nisingelifanya. Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishie nuru ya macho, akukalishe raha mustarehe na wanao na wajukuu. Na ukianza hadithi nyingine ukataka wa kukusikiliza, kumbuka kwamba Mtendeni ni karibu kuliko Darajani.