Bomba Lisilo na Nafasi

Saa tatu asubuhi benchi la nje ya duka la spea za magari, kwenye barabara ya kupanda kreta ya Menengai, lilikuwa limeshajaa. Ni ubao mmoja juu ya matairi mawili, na Chepkurui huuza kahawa hapo kutoka thermos moja kubwa. Jepkemboi alikaa mwishoni, karatasi magotini. Saa tano angesimama ukumbini mbele ya kamati iliyotoka Nairobi kukusanya maoni kuhusu kanuni mpya za mabomba ya mvuke. Kila mwananchi amepewa dakika tatu. Banda lake la kukaushia mboga za managu linatumia kuni, na kuni hazipatikani tena. Mita mia mbili nyuma ya banda linapita bomba la kampuni, linalopeleka mvuke kutoka kwenye kreta hadi mtambo wa umeme. Ameomba kuunganishwa mara mbili. Mara mbili ameambiwa bomba limejaa, halina nafasi ya mteja mwingine. Leo ikishindikana, anafunga banda na wanawake sita wanaofanya kazi hapo wanarudi nyumbani.

— Hebu soma tena hiyo rasimu ya kanuni, alisema Ogola, fundi wa reli aliyestaafu. Benchi humwita Injinia.

Jepkemboi akasoma:

— "Mwenye bomba atawauzia wengine nafasi kwa bei moja, bila kubagua, isipokuwa bomba likiwa limejaa."

— Hapo ndio wamekufungia mlango, mama, alisema Kang'ethe. Yeye huwasomea wenzake gazeti kila asubuhi, kwa hivyo wanamwita Waziri. Akaendelea: — Lakini imejaa nini? Jana nimeigusa kwa mkono. Baridi! Hiyo kitu iko empty.

— Waziri, imevalishwa blanketi ya kuzuia joto, halafu bati, alijibu Injinia. Ndani kuna joto ya kupika ng'ombe mzima na kwato zake.

— Kama kuna joto, mbona mbuzi za jirani yetu Kiptum hazilali hapo chini?

— Sasa mbuzi ndio mita?

Walicheka. Kisha Injinia akatazama juu, ambako mvuke mweupe ulikuwa umesimama wima juu ya kreta, na wengine wakatazama pia.

— Siku walifungua kisima ya kwanza ya mvuke nilikuwa Lanet, alisema polepole. Lanet, mbali hivyo, mnasikia? Nikadhani ndege imeanguka kambi ya jeshi. Kikombe ikatembea kwa meza, peke yake, mpaka ukingoni. Mama watoto akapiga magoti. Mimi na miaka zangu zote za reli, nikapiga pia.

Chepkurui alifunga thermos bila kupiga kelele. Jepkemboi aliendelea kuutazama ule mvuke. Kitu kikubwa hivyo, aliwaza, na yeye anaomba tu cha kukaushia mboga.

— Ndio maana nasema wamefichia watu nafasi, alisema Waziri. Hiyo nafasi wamewekea Uganda.

— Mvuke ikifika Uganda ni maji, Waziri.

— Exactly! Wanauziwa maji! Na ile ingine inavuja chini kwa chini. Unadhani Ziwa Nakuru imepanda na nini? Flamingo waliungua miguu, wakahama.

— Waziri, kunywa kahawa.

Mama mmoja aliyebeba ndoo ya mayai ya kuchemsha alikuwa amesimama hapo akingoja chenji ya kahawa kwa Chepkurui. Hakuna aliyemjua.

— Samahani, alisema. Nani alisema hiyo bomba imejaa?

— Kampuni, mathe, alijibu Injinia.

— Si ndio wenye bomba?

— Ndio hao.

— Na nani mwingine ameangalia?

Waziri aligeuza ukurasa wa gazeti, akaurudisha. Lori likapita, vumbi likatua. Mama wa mayai alipokea chenji yake, akaaga, akaendelea kupanda barabara.

Jepkemboi alizikunja zile karatasi mbili za hotuba, zenye salamu kwa waheshimiwa, historia ya banda na takwimu za managu. Nyuma ya moja akaandika mstari mmoja, akawasomea:

— "Mbali na mwenye bomba, ni nani amepima akaona limejaa?"

— Hiyo ni sekunde kumi, alisema Injinia. Na dakika zako zingine?

Jepkemboi alisimama, akajipangusa sketi.

— Nitabaki nimesimama nikingoja wanijibu.