Bomba Lisilofungwa: Risala ya Wadodosaji wa Chumba cha Simu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Utafiti, umepanda ghorofa sita kwa miguu kwa kuwa lifti yetu imelala tangu mwaka jana. Tunakushukuru. Karibu ukae, kiti hicho ndicho pekee chenye miguu yote minne.

SISI NI NANI
Sisi ni wadodosaji kumi na mmoja. Kwa miezi mitano tumewapigia simu watu waliohamia ng'ambo, tukawauliza maswali arobaini yaleyale tunayowauliza waliobaki hapa: usingizi, shule, matibabu, maji. Ulitutuma tujue ni katika nchi ipi watu wanaishi vizuri zaidi.

MAFANIKIO
Tumejaza fomu mia sita. Waliobaki walitoa alama tatu, nne, na fundi viatu mmoja alituambia tumwache alale. Waliohamia walitoa kumi kwa kumi, wote. Tulicheka. Mzee wa Faili, mkubwa wetu kwa umri, akasema, "Jamani, tunangoja nini? Tufungashe."

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, changamoto yetu ni bomba. Katika kila simu ya ng'ambo, nyuma ya sauti ya mtu, maji yanatiririka. Hakuna mtoto, hakuna sufuria, hakuna mlango. Maji tu. Mwanzoni tuliona wivu, maana hapa tunachota Jumanne kwa Jumanne.

Kisha mwenzetu tunayemwita Kijiti akavunja kanuni mbili kwa mpigo: alimpigia dada yake wa tumbo moja, na alipomaliza fomu akaongeza la kwake. Dada alikuwa amejibu yote arobaini bila kuvuta pumzi.

"Dada, mama anakusalimia. Hebu funga hilo bomba nikusikie."

"Halifungwi."

"Basi nenda chumba kingine."

Dada akasema polepole, kama anayesoma, "Hakuna chumba kingine, mdogo wangu."

Hakukata simu, wala hakusema tena. Kijiti alisikiliza maji mpaka betri ikaisha.

Kesho yake tulizipigia simu nyumba kumi na moja za ng'ambo kwa pamoja, tukapanga simu mezani, sauti juu. Maji yalipungua kote mara moja, yakaongezeka kote mara moja. Mzee wa Faili hakutania.

Wakati huohuo ripoti yako ilishatangazwa, na watu wanafungasha kwa sababu ya kumi zetu. Mama yake Kijiti ameshafunga sanduku. Anaondoka Ijumaa. Kijiti, binti yake, amemsihi asiende, naye anajibu, "Si ninyi wenyewe mlioandika kwamba kule ni kuzuri?"

Sauti inayokusomea risala hii ni ya Kijiti.

MAOMBI
Tunaomba uiondoe ripoti kabla ya Ijumaa. Pia utume mtu akabishe hodi kwenye nyumba moja ya kule, yoyote, kisha arudi atusimulie akiwa amesimama hapa, tukimwona.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwako, ukute mtu wa kukufungulia mlango, na kelele za watoto ndani.

Tumepokea barua yako inayotutaka tuombe radhi kwa kuuliza swali lisilo kwenye fomu. Tumeisoma wote kumi na mmoja.

Ni sisi, Wadodosaji wa Chumba cha Simu, ghorofa ya sita.

Radhi hatuombi.