Miaka Thelathini na Saba ya Kuuliza "Una Dini?"

Bi Kiwako Hatanaka anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na saba ya kubisha hodi milangoni mwa watu wa Niigata, Japani, kwa niaba ya kitengo chetu cha utafiti wa maoni. Theluji imemvunjia miavuli kumi na mmoja. Mbwa amemng'ata mara mbili, mbwa yuleyule.

Swali lililompa jina ni fupi: "Una dini?" Kila baada ya miaka mitano waliojibu ndiyo walipungua, na mkuu wetu wa wakati huo, Dkt. Sawatari, akaandika kwamba viwanda na shule vinaimaliza dini.

Mwaka 2003 Bi Hatanaka alimhoji mzee Oguni, fundi mstaafu wa mitambo ya umeme.

"Dini? Sina, binti yangu. Hayo mambo ya zamani."

Kisha mzee akainuka, akapakua wali wa moto, akauweka mbele ya picha ya marehemu mkewe. "Usininunie, mama. Nimechelewa, nina mgeni."

Bi Hatanaka aliandika "hana", kama kanuni inavyotaka, na pembeni ya fomu akaeleza alichokiona. Hadi msimu unakwisha, alikuwa na maelezo ya namna hiyo mia moja na kumi na mawili.

"Bi Hatanaka, ya pembeni hayahesabiwi," mkuu alimwambia.

"Basi saini yangu kwenye ripoti hamtaipata."

Alihamishiwa stoo ya makaratasi kwa miaka miwili. Hakulalamika, ingawa baadaye alikiri kwamba alikuwa akila chakula cha mchana hukohuko ili asikutane nasi. Mkuu mpya alipokuja aliyasoma maelezo yale, akaongeza swali: "Mwaka huu umemwekea marehemu chakula au maua?" Kati ya kila watu kumi waliosema hawana dini, saba walijibu ndiyo.

Mwingine angeishia hapo na ushindi wake. Mwaka jana ni yeye aliyetuletea habari kwamba hata jibu hilo linashuka kwa vijana wa maghorofani. "Nilidhani nimepatia," alisema. "Kumbe nusu tu. Andikeni."

Tuliandika.

Bi Hatanaka, asante kwa kutufundisha kuandika tulichokiona hata kinapotuumbua. Sisi tunaosali, na sisi tunaosema hatusali, sote tunakuombea afya njema na magoti yasiyouma.