Vidange ya gari lisilotoka

Benchi letu liko kando ya barabara ya Kapalata, mbele ya lango la patron, pale ninapouza kahawa. Patron, tajiri wetu, anaishi Kinshasa. Hapa Kisangani aliacha gari lake la mbio, jekundu, na mume wangu Glodi ndiye mlinzi wake. Tunalala katika nyumba ndogo ya uani. Kila Jumapili Glodi analiwasha dakika tano, patron anasikiliza mlio kwenye simu, basi. Jana alipiga: anakuja Jumamosi, ataliendesha kwenye ndoa ya dada yake. Alipoondoka aliacha bidon, dumu moja tu, ya mafuta ya injini, aina isiyopatikana hapa, na neno moja: ifunguliwe wakati wa vidange, yaani kubadilisha mafuta, ukifika, isimwagwe bure. Injini ikikwama, tunahama. Kwa hiyo asubuhi hii Glodi hakuketi. Alizunguka benchi na kikombe mkononi, akiuliza kila mtu.

— Vidange ni kila kilomita elfu tano, akasema Tonton Juma. Tunamwita Kilomètre kwa sababu aliendesha malori ya Kindu. Gari yako ilitembea ngapi?

— Kutoka lango mpaka chini ya paa. Na siku moja tuliisukuma, sababu paa ilivuja.

— Bon. Ungoje. Ingali miaka mia nane.

— Usimusikilize! akasema Papa Timothée, anayeitwa Piston, fundi wa zamani wa injini za mashua. Mafuta yenye haitembei inalala. Ikilala inakuwa nzito. Ubadilishe kila mwezi.

— Kila mwezi na bidon moja, papa?

— Unaitoa, unaichuja na kitambaa, unairudisha. Itafikiri iko mupya.

Alexis, mwanafunzi wa chuo kikuu, akacheka. Jina lake la benchi ni Docteur.

— Shida si usingizi, ni maji. Mto iko karibu. Kila usiku ile gari inakunywa mto kidogo kidogo. Sasa hivi samaki inaweza kuzaa mule ndani.

— Alors aigeuze mugongo kwa mto! akasema Piston.

— Mugongo iko kwa mto tayari, akasema Glodi.

— Ndiyo maana! Inakunywa na nyuma! akasema Docteur.

Glodi aliweka kikombe chini, kahawa ikaruka.

— Muko munacheka. Jumamosi mimi nitabeba godoro kwenye kichwa. Nifungue bidon ao nisifungue?

— Fungua! akasema Piston.

— Acha! akasema Kilomètre.

— Fungua nusu, akasema Docteur.

Mama mmoja aliyekuwa ametoka kwenye mashua ya Yanonge, na kapu la samaki wa moshi, alikuwa akinywa kahawa yake amesimama. Alisema anaitwa Augustine. Akauliza:

— Mafuta yenye iko ndani sasa, mulitia siku gani?

Kilomètre akaanza kuhesabu kwa vidole. Piston akaninyooshea kikombe nimwongezee.

— Ilikuwa wakati wa mvua, akasema Glodi.

— Na hapa mvua inakosa lini? akauliza yule mama.

Pale bencheni mimi humimina kahawa tu, sisemi. Lakini godoro alilolitaja ni letu sote.

— Siku Chimène alizaliwa, nikasema.

Wote wakageuka.

— Nilikuita, ulikuwa unalala chini ya gari, unatia ile mafuta, mikono nyeusi. Kule maternité walikataa kukupa mutoto mpaka unawe mara tatu.

— Na huyo Chimène iko wapi? akauliza Mama Augustine.

Nikamwonyesha. Binti yangu alikuwa nyuma ya benchi, anamkimbiza bata wa jirani, na bata alikuwa anashindwa.

— Anakimbia hivi? Hiyo mafuta imezeeka.

— Ngoja, akasema Kilomètre. Alitembea mapema ao alichelewa? Kama alikuwa mupesi, tutoe miezi mbili.

— Tuongeze! akasema Piston.

— Bata yenyewe iko na miaka ngapi? akauliza Docteur.

Glodi hakungoja hesabu yao. Alinipa shati lake, akaingia uani kufungua bidon, na lango lilibaki wazi nyuma yake.