Gari Isisimame Mlimani: Maisha ya Mzee Josiah Nzomo Muli, 1944–1997

Mchungaji, wazee wa kanisa, mwaitu, mama yetu Kaluki, ndugu zetu mliotoka Tulia kabla ya jogoo kuwika, majirani na ninyi nyote mliosimama kwa matope, nawasalimu kwa jina la Yesu. Mimi ni Mbula, mtoto wa tatu wa marehemu, na nimepewa kuandika na kusoma maisha yake kwa sababu kamati ya mazishi ilisema, nikiwa hapo hapo nikipanga viti, "Mbula aandike, si yeye ako na degree na hana kazi?", kwa hivyo asanteni kwa ajira, ni ya kwanza kupewa tangu nigraduate, na nitaifanya vizuri.

Mzee Josiah Nzomo Muli alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, Tulia, Kitui, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Muli na marehemu nyanya yangu Mbula, akafuatwa na dada mmoja tu, Ndila, ambaye nitamtaja tena kwa sababu bila yeye maisha haya hayaeleweki. Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1953, akasoma vizuri, hesabu hasa, mpaka ukame wa 1961 ulipomaliza ng'ombe ambao ndio walikuwa karo yake, na hapo masomo yakaisha bila mtu wa kuuliza.

Mwezi wa Februari 1962 aliajiriwa kuosha magari katika gereji moja mjini Kitui, na hapo akakutana na Othman, kijana wa familia iliyotoka pwani zamani, aliye hapa nasi leo kwenye kiti cha mbele, ambaye siku ya kwanza alimwona baba akivuta waya ya kabureta akamwambia, "We Mkamba, gari haikamuliwi!", na kutoka hiyo siku hawakuachana. Mwaka wa 1971 walifungua gereji yao Kabati, mmoja akifunga kazi Ijumaa saa ya swala, mwingine Jumapili saa ya ibada, na Jumamosi wote wawili wakiwahudumia wenye magari wasiojua kusema asante.

Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na mama yetu Kaluki, binti wa hapa Mukuyuni, wakabarikiwa na watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, na wote tuko hapa mbele yenu. Shangazi Ndila naye alikuwa ameolewa huku huku Mukuyuni, na tarehe 19 Agosti 1979 alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapakiwa kwa pickup ya kukodi, pickup ikachemka katikati ya kilima, wakangoja ipoe, na shangazi na mtoto wake wakafia hapo kando ya barabara wakiangalia bonnet iliyofunguliwa.

Mwaka wa 1980 baba aliachia Othman gereji ya Kabati, akahamia hapa, na watu wa Tulia, msijifiche, mlisema Nzomo ameolewa na wakwe, naye akawajibu, "Ndio, nimeolewa, na bibi arusi ni kile kilima." Alichotaka ni kimoja tu, kwamba gari iliyobeba mgonjwa isisimame pale tena.

Mwaka wa 1993 kanisa hili lilinunua van iliyotumika, imetoka Japan, ya kupeleka wagonjwa hospitali, gari nzuri lakini moyo mdogo, ikibeba watu sita na mgonjwa amelala inaomba kusukumwa. Baba akapata injini kubwa kidogo ya ukoo ule ule, akaifunga, akaweka nozeli kubwa za kumwaga mafuta kulingana na injini hiyo, lakini akaacha kompyuta ya zamani, na akaacha sensa ya hewa ya zamani pia, kwa sababu ilikuwa nzima, na Mkamba hatupi kitu kizima.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 13 Machi 1994, gari ikiwekwa wakfu, choir imepangwa nyuma yake na kanzu nyeupe, mchungaji akasema amina, dereva Mutiso akawasha, na choir yote ikageuka kuwa wachoma makaa. Mama mmoja, simtaji, anajijua, akapiga kelele, "Nzomo, hii ni ambulance ama ni tanuri?", na jioni hiyo kamati ilikuwa tayari inatafuta mnunuzi. Baba aliomba wiki mbili, akapewa kwa shingo upande.

Othman alikuja kutoka Kabati, akafungua, akacheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yangu, umempanua mdomo ukamwachia pua ya mtoto." Kwa wale mlioacha physics form two, maana yake ni hii: sensa ndiyo inapima hewa inayoingia, inaambia kompyuta, na kompyuta inaamuru nozeli zifunguke kwa muda gani, sasa nozeli zikiwa kubwa na muda ni ule wa zamani, mafuta yanazidi hewa, na yanayozidi ndiyo mlivaa kama masizi. Othman akasaka Mombasa sensa iliyo pana kuliko ya kwanza kwa kiasi kile kile nozeli zilivyozidi zile za kwanza, si zaidi, si pungufu, na kompyuta ikaendelea na hesabu yake ya zamani bila kujua chochote, na jibu likatoka sawa. Gari ilipanda kilima imejaa choir ile ile, imefuliwa, ikiimba, na habari ya mnunuzi ikazikwa.

Halafu tarehe 7 Septemba 1995, kiangazi, vumbi mpaka kwa meno, dada Kalunde wa kanisa letu akapelekwa akiwa na uchungu, na gari ikakosa nguvu, ikazima, pale pale. Baba aliletwa na tractor. Mama anasema hajawahi kuona uso wake vile. Akafungua bomba la hewa, akanusa kidole, akauliza, "Mutiso, nani alitia oil hapa?", na Mutiso, ambaye aliendesha Land Rover za serikali ujana wake wote, akajibu kwa fahari, "Ni mimi, mzee, filta ya hewa bila oil si vumbi itaingia?" Na kwa Land Rover ya wakati ule alikuwa sawa kabisa, lakini ndani ya sensa hii kuna waya mwembamba unaopashwa moto, hewa ikipita unapoa, ndivyo unavyopima, na sasa ulikuwa umepakwa oil na vumbi, hauhisi kitu, unaambia kompyuta hakuna hewa, na kompyuta inanyima injini mafuta.

Baba akanyoosha mkono kwa mkoba wa nurse aliyemsindikiza Kalunde, akachukua spirit. Nurse akamkemea, "Mzee, hiyo ni ya mgonjwa!" Baba akasema, "Sista, huyu waya ndiye mgonjwa wa kwanza, akipona yule wa pili anafika." Akauosha, akaungoja ukauke huku Kalunde akimtukana kwa Kikamba ambacho siwezi kusoma mbele ya mchungaji, akavuta ile filta ya oil, akafunga kipande cha leso kavu mahali pake, na gari ikanguruma. Mtoto wa kike alizaliwa hospitali, kitandani, na nyanya yake alipotaka aitwe Nzilani, jina la waliozaliwa njiani, baba ndiye alikataa: "Huyu hakuzaliwa njiani. Mpeni jina lingine." Mutiso hakufukuzwa, baba aliwaambia kamati mwenye kosa ni fundi aliyebadilisha gari asibadilishe mazoea ya dereva, akamfundisha, na anaendesha mpaka leo.

Mwezi wa Mei mwaka huu baba alianza kuugua ini, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena, na tarehe 11 Novemba 1997, saa kumi na moja asubuhi, alituacha. Tunawashukuru madaktari na manurse waliomtunza hata dawa zilipokuwa hakuna, na aliyezifanya zikosekane Mungu anamjua. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na kukesha, kanisa, mafundi wa Kabati na wa hapa, na mzee Othman, aliyelala kwa bench ya wodi kama ndugu wa tumbo moja.

Mwisho, nimesikia mkinong'ona kwa nini mwili wa fundi umekuja umechelewa, kwa pickup ya kubeba mchanga, wakati program iliandika van ya kanisa. Van ilikuwa imeoshwa, ina maua, iko mlangoni kwa mochari, ndipo ujumbe ukafika kwamba kuna mama ameshikwa na uchungu huku chini, na mvua hii mnaiona. Kamati ikaanza kujadiliana. Mwaitu Kaluki akatoa maua kwa mikono yake, akaweka chini, akasema, "Mutiso, enda. Mzee hana haraka tena."

Muda si mrefu uliopita, tukiimba wimbo wa pili, mmesikia injini ikipanda kilima. Haikusimama.

Koma nesa, nau, lala vyema, baba. Upumzike kwa amani yote.