Nicola wa Tatu

Basi letu la mjini Bedford, Uingereza, lilikuwa likielekea hospitali. Mbele yangu mzee wa Kiitalia, shada la maua mapajani, alimlalamikia mama wa Kiingereza aliyekaa naye: "Mwanangu kapata binti tena, wa tatu! Kwetu mjukuu wa kiume hurithi jina la babu. Mimi Nicola, maana yake ushindi wa watu. Basi, jina ndo linakufa nami."

"Si umpe huyo binti?"

"Jina la mwanamume? Mama we, niheshimu!"

"Huku ni la kike, mzee. Hata mimi Nicola."

Mzee akamkagua kama anayemtafutia masharubu.

Basi likasimama. Alishuka na shada lake, kisha akageukia mlango uliokuwa ukifungwa: "Na jina lenyewe, limekutunza vizuri?"